Mama alikuwa hatujui, jana usiku akili zimemrudi ghafla. Tufanye nini?

BintiWete – Jumatatu, saa 3 asubuhi

Assalaam alaykum. Naomba msaada wenu, khasa manesi na nyote mliowahi kuuguza wazee nyumbani.

Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau wa miaka, na juu yake saratani ya ziwa iliyogunduliwa ikiwa imeshatambaa. Tuko naye nyumbani, Wete, Pemba. Jina langu hajalitaja tangu msimu wa karafuu uliopita. Ananiita "weye mtu", na siku nyengine ananiita kwa jina la mdogo wake aliyefariki. Wiki hizi za karibuni hali chakula, ni maji ya kijiko tu, na nesi wa kituo alishatwambia tujitayarishe.

Jana baada ya Isha nilikuwa namgeuza nimbadilishe shuka. Akanikamata mkono, akanitazama. Si yale macho ya siku zote yanayonipita. Akasema, "Mbona umekonda hivyo, nani anakupikia?" Kisha akaniita jina langu la utotoni, ambalo humu ndani hakuna tena alijuaye ila mimi na yeye. Nilishindwa kumjibu. Akauliza mikarafuu ya Ole kaichuma nani mwaka huu na kama makonyo yameuzwa. Akawataja ndugu zetu mmoja mmoja, na waliokufa anajua kuwa wamekufa. Akasema ana deni la pishi mbili za mchele kwa mwanamke wa Mtambwe, la zamani sana, nilipe. Akaomba uji wa pilipili manga, akanywa kidogo. Tukakaa hivyo mpaka usiku mkubwa, mara anacheka, mara ananishika kichwa, halafu akalala.

Asubuhi hii yumo, ananijua, lakini kachoka na maneno ni machache.

Sasa nyumba imechafuka. Kaka yuko Muscat, nilimpelekea vidio, anasema mama kapona, apelekwe Dar kisha India, na ile morfini ya maji iachwe leo leo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimpumbaza. Dada mkubwa anasema huku ni kuaga, anataka watu waitwe waje kumsomea Yasin. Jirani naye keshaleta bakuli la boko boko la ngano na nyama, ale apate nguvu. Kila mmoja anataka nimsikilize yeye.

Hili ni jambo linalojulikana? Dawa niache? Chakula nimpe? Na akiniuliza anaumwa nini, maana jana aliuliza nikageuza mazungumzo, nimwambie nini?

Mchumaji – Jumatatu, saa 3:40 asubuhi

Pole sana dada. Kwetu Konde bibi alikuwa hivyo hivyo. Hajasema neno tangu mfungo sita, siku hiyo akakaa kitako, akauliza ng'ombe wamefungwa wapi, akawausia wajukuu. Tukafurahi, tukachinja kuku. Kabla ya alfajiri ya pili hatunaye. Mwite kaka yako aje.

NesiNgambo – Jumatatu, saa 4:15 asubuhi

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi ni nesi, nimekaa wodini hapa Unguja mpaka nikastaafu, na sasa naangalia wagonjwa majumbani. Nianze na la haraka: morfini usiiache.

Mama anazungumza kwa raha kwa sababu maumivu yametulizwa. Ukiikata ghafla, baada ya saa chache maumivu yanarudi yote, na mwili uliokwishaizoea unatetemeka, unatoka jasho, tumbo linakata. Saa hizi nzuri mtazimaliza kwa vilio. Kaka akihisi kipimo ni kikubwa, azungumze na daktari aliyeiandika, apunguze yeye anayejua. Na muulize nesi wako kuhusu choo, kwani dawa hiyo hufunga choo, na choo kilichokwama peke yake kinatosha kumchanganya mzee.

Boko boko lipokeeni kwa shukrani, mle nyinyi mnaouguza. Mtu aliyekaa wiki kwa maji ya kijiko, hata kama hamu imemrudi, koo lake halijarudi. Chakula kizito kinaingia njia ya hewa, na nimeona mgonjwa aliyekuwa akicheka saa mbili akihangaika kupumua saa nne kwa sababu watu walifurahi wakamlisha. Mkalishe kitako, mito nyuma, kidevu kiiname kidogo, umpe ule uji wake mwembamba kwa kijiko cha chai. Ngoja ameze kabisa ndiyo utie mwengine. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha. Akitaka vijiko vitatu, ni vitatu. Anakula kwa ladha, si kwa nguvu.

Sasa la kupona. Nakwambia kwa upole lakini wazi: ugonjwa wa kusahau haukuondoka jana usiku, na saratani haikurudi nyuma. Jambo mliloliona linajulikana. Madaktari wa Ulaya waliliandika tangu karne ya 19, kisha likaachwa muda mrefu. Mwaka 2009 mwanabiolojia wa Kijerumani, Michael Nahm, na daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Bruce Greyson, waliyakusanya upya maandiko hayo. Mwaka 2012 wao na wenzao wakachapisha visa 49 vilivyojulikana muda wake: asilimia 43 vilitokea katika siku ya mwisho ya mgonjwa, asilimia 41 kati ya siku 2 na 7 kabla ya kufa, na asilimia 10 kati ya siku 8 na 30. Lakini usizichukue hizo kama saa ya ukutani. Ni visa vilivyohifadhiwa kwa sababu mgonjwa alikufa baadaye. Aliyepata akili zake jioni moja akaendelea kuishi, nani alimwandika?

Kwa hiyo kwa kaka mwambie hivi: safari ya boti mpaka Unguja, kisha Dar, kisha ndege, kwa mama aliye katika hali hiyo, ni saa nyingi za kutikiswa na maumivu bila mtu wa kumgeuza. Nauli ya India anunulie tiketi yake mwenyewe, aje Pemba. Hata kabla hajafika apige simu sasa hivi, mama akiwa macho. Asimuulize "unanijua mimi nani?" Huo ni mtihani, na mgonjwa anajua anapotahiniwa. Ajitaje mwenyewe: "Mama, mimi fulani, nipo Muscat, nakuja." Kisha anyamaze amsikilize.

Na dada yako pia ana haki, ila awalete watu wawili watatu anaowapenda mama, si ukumbi mzima. Nguvu alizonazo ni chache, na kila mgeni anayeingia na kusema "Bi mkubwa, waniona?" anachukua fungu.

Kuhusu kuuliza anaumwa nini, usigeuze tena mazungumzo. Muulize kwanza, "Mama, wewe mwenyewe unahisi vipi?" Mara nyingi anajua zaidi yako. Akisema "nahisi naondoka", usimkatize kwa "usiseme hivyo, utapona". Ukimkatiza utamwacha peke yake na jambo hilo. Mwambie, "Nipo hapa mama, maumivu tunayaangalia, hutakuwa peke yako." Kama anataka kujua jina la ugonjwa, mwambie jina lake kwa sauti ya kawaida.

Hilo deni la mchele lilipe leo.

AbuuChake – Jumatatu, saa 5 asubuhi

Nesi, shukran, lakini nataka niongeze upande wa pili ili watu wasikimbilie sanda. Baba yangu alichanganyikiwa kabisa, hatujui, anapigana na ukuta, tukaambiwa ndiyo uzee umefika. Ndugu wakaanza kuja. Daktari kijana mmoja akamgusa chini ya kitovu, akakuta kibofu kimejaa hadi kimekuwa kigumu. Mkojo ulikuwa umezuilika. Akatiwa mpira, mkojo ukapimwa ukakutwa na maambukizi, akapewa dawa. Baada ya siku mbili anauliza gazeti. Sasa hivi anakwenda msikitini kwa miguu yake.

NesiNgambo – Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Ahsante sana Abuu, na wote waisome hii. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku, ana sababu inayotafutwa: mkojo uliozuilika, choo, maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka kwa anayechoma insulini huku hali, au dawa mpya. Ikitibiwa, akili hurudi na hubaki. Huko ni kupona kweli, na kunafuata tiba. Binti, kwa hiyo nakuuliza: wiki hii mama kapewa dawa yoyote mpya? Drip? Antibayotiki? Vidonge vya deksamethasoni? Hivyo vya mwisho humpa mgonjwa wa saratani hamu na uchangamfu wa siku kadhaa. Ugonjwa wa kusahau wenyewe nao una aina zake, na iko ambayo mtu hupanda na kushuka, leo yumo kesho hayumo.

BintiWete – Jumatatu, saa 6 mchana

Hakuna dawa mpya. Morfini tu, ile ile na kipimo kile kile. Kojo ni kidogo na jeusi tangu juzi. Nyayo zake za baridi, nimezifunika kanga hazipati moto.

NesiNgambo – Jumatatu, saa 6:10 mchana

Basi mwanangu, kaa naye. Mkojo mchache na miguu baridi ndivyo mwili unavyojikusanya. Mgeuze kila baada ya saa mbili, midomo ipanguse kwa kitambaa safi chenye maji, na mpigie nesi wako wa kituo umwambie haya uliyoniambia, apite leo.

UstadhMkoani – Jumatatu, saa 8 mchana

Allah amsahilishie. Kwa upande wa dini, matatu nayaona yanawachanganya watu.

La kwanza ni kumlakinisha. Watu humzunguka mgonjwa wakampigia kelele "sema, sema!" Sivyo. Mmoja aliye karibu naye aitamke shahada kwa sauti ya chini, ili mgonjwa asikie afuate. Akishaitamka, aachwe. Hairudiwi mpaka aseme neno jengine baada yake. Fuqahaa, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wamechukia kumkera, asije akachoka akaikataa. Na mgonjwa anayeuliza habari za karafuu bado hajafikia huko, mwacheni azungumze.

La pili ni deni. Deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi. Kama mwenye kudai kafariki, apewe mrithi wake.

La tatu ni wasia. Hauvuki thuluthi ya mali, na hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie baada ya kufa kwake. Na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, hata akirudiwa na akili zake kwa muda wa saa tatu, wasia wake utakuja kubishaniwa. Akisema jambo, wasikie mashahidi wawili waadilifu wasio na fungu katika mali hiyo, liandikwe kama alivyosema na lini.

NesiNgambo – Jumatatu, saa 8:30 mchana

Hapo kwa Ustadh naomba nisimame. Nimeona familia, mgonjwa kafumbua macho baada ya miezi, na mtu wa kwanza kumkaribia kaja na karatasi ya shamba na kidau cha wino, kashika kidole gumba cha mzee anakibandika. Mzee ananitazama mimi, ananiuliza kwa macho kinafanywa nini. Sijapata kuona kitu kilichoniuma kama kile. Wanaouguza, linda mkono wa mgonjwa wako. Akitaka kusema la mali atalisema mwenyewe bila kuulizwa, kama huyu mama alivyosema mchele wake.

BintiWete – Ijumaa, saa 10 jioni

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mama katutoka jana baada ya Alasiri, kazikwa asubuhi hii.

Nawaandikia kwa sababu mlinishika mkono. Jumatatu ile ile mtoto wangu alikwenda Mtambwe. Mwanamke mwenyewe yuhai, mzee kuliko mama. Alikuwa amekwishasahau, lakini alipotajiwa akakumbuka ulikuwa mchele wa arusi ya dada yangu mkubwa. Akaupokea, akapima pishi moja akairudisha iwe sadaka. Nilimweleza mama, akasema "alhamdulillah, yule ana pishi kubwa lakini." Hilo ndilo lililokuwa likimkaa moyoni miaka yote, na sisi tukidhani hana analolijua.

Kaka alipiga simu jioni hiyo. Alifanya kama Nesi alivyosema, akajitaja. Mama akamuuliza kama bado anakoroma. Wakazungumza kidogo sana, mambo ya kawaida tu. Jumanne alirudi kuwa kimya, Jumatano hakufumbua macho. Morfini tuliendelea nayo, nesi wa kituo akatuonesha kuitia kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Hakulia maumivu.

Linaloniumiza ni kaka. Kafika jana usiku, na anawaambia watu barazani kwamba mama alikuwa amepona, mimi ndiye niliyekataa asipelekwe Dar. Nimjibu nini?

NesiNgambo – Ijumaa, saa 12 magharibi

Allah amrehemu, na akupe subira. Umemuuguza vizuri.

Leo usimjibu. Aliona vidio ya dakika mbili, mama anacheka. Wewe uliona miguu. Anachokililia ni kwamba alipewa mama yake kwa simu na hakuwahi mkono wake. Hasira ya namna hii nimeiona kila palipotokea saa kama ile, kwa sababu watu wanafiwa mara mbili: walishamzoea mama asiyewajua, akarudi, akaondoka tena. Hata wewe, ukijikuta katikati ya usiku unajiuliza "ningempa maji zaidi, ningeita daktari", jua kwamba si wewe uliyemkatisha uhai. Wiki ijayo, matanga yakipungua, umwombe yule nesi wa kituo aje aketi na kaka, amweleze mkojo, miguu na kumeza, kwa mdomo wake. Kutoka kwako atasikia kesi. Kutoka kwake atasikia ugonjwa.

Mwana_Kengeja – Ijumaa, saa 2 usiku

Poleni wafiwa. Samahani naingilia. Baba yangu kapigwa na kiharusi, hasemi, hatujui, na wanasema zimebaki siku. Nimesoma haya yote nikalia. Tunamkalia zamu usiku na mchana tukingoja na sisi atazame aseme neno, na hakuna. Shangazi anasema pengine kuna aliyemkosea radhi, ndiyo maana kinywa kimefungwa. Ni kweli?

NesiNgambo – Ijumaa, saa 2:30 usiku

Hapana, na mwambie shangazi kwa heshima kwamba hapana. Walio wengi hawapati saa ile. Daktari mmoja wa New Zealand, Macleod, alifuatilia vifo 100 katika nyumba ya kuhudumia wagonjwa wa mwisho, akachapisha mwaka 2009: waliochangamka hivyo katika siku mbili za mwisho walikuwa 6. Hao 94 hawakuwa na watoto wabaya. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo inayotoa maneno, basi, hakuna laana ndani yake.

Acheni kungoja azungumze, zungumzeni nyinyi. Anayetaka radhi aiombe sasa hivi sikioni mwake, kwa jina lake kamili, na anayesamehe asamehe kwa sauti. Kutojibu hakuna maana ya kutosikia, na sisi wodini tunafundishwa kutosema mbele ya mgonjwa wa namna hiyo jambo ambalo tusingelisema akiwa macho. Msibishane mirathi chumbani mwake. Na hiyo zamu, ipangeni ili kila mtu alale. Anayekesha kutafuta dalili katika uso wa mgonjwa anachoka vibaya kuliko anayekesha kumgeuza.

Nijibu haya: kakojoa leo? Anapumua kwa kelele? Mnamlaza ubavu au chali? Kama ni chali, mgeuzeni ubavu sasa hivi, mto nyuma ya mgongo, halafu uniandikie.